Neno "set" la Kiingereza: maana zaidi ya 400, zimetoka wapi?

#1 Mpekuzi wa Kamusi
Wadau, salaam. Kamusi kubwa ya Oxford, chapa ya pili ya mwaka 1989, ile yenye juzuu 20, imekipa kitenzi kimoja nafasi kubwa kuliko maneno mengine yote: "set". Maana zake zinazidi 430, na maelezo yake yanafika maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima kwa neno la herufi tatu.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na neno hili linanitoa jasho. Leo linataka nitumie kutunga, maana ni mtihani. Kesho kupanga, maana ni tarehe. Meza inaandaliwa, mfupa unaungwa, mtego unategwa, rekodi inawekwa, mfungwa anaachiwa, jua linazama, na kote huko Mwingereza kaandika "set" tu. Kiswahili kina kitenzi kwa kila kazi, sasa wenzetu imekuwaje kazi zote hizo wakalitwisha neno moja? Na kwa nini hili, si lingine? Wajuvi karibuni.

#2 Kijana wa Tandika
Napiga kambi hapa, ngoja waje wenyewe.

#3 Msomaji Mkongwe
Mkuu #1, uzi mzuri, ila takwimu yako ni ya 1989. Oxford wanaiandika upya kamusi yao, na wakati wa marekebisho "set" imeshapitwa. Kwanza iliongoza "make" mwaka 2000, ikafuata "put" mwaka 2007, halafu mwaka 2011 ikaja "run". Kitenzi "run" peke yake kimepewa maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno hilo moja.

Kwa hiyo kwa kamusi iliyochapwa kwenye karatasi, "set" ndiyo bingwa. Kwa marekebisho mapya, bingwa ni "run".

#4 Mpekuzi wa Kamusi
Asante mkuu #3. Swali linabaki palepale, iwe "set" au "run".

#5 Mlumbi wa Pwani
Mimi nasema tuanzie kwenye asili. "Set" ni mtoto wa "sit". Kwenye Kiingereza cha kale kulikuwa na "sittan", yaani kuketi, na "settan", yaani kuketisha. Sisi jambo hili hatuhitaji kufundishwa, maana tunalifanya kila siku kwa kiambishi: keti, ketisha, lala, laza, nywa, nywesha, anguka, angusha. Waingereza nao walikuwa na mtindo huo zamani, ukafa, yakabaki mabaki. "Lie" na "lay" ni lala na laza. "Fall" na "fell" ni anguka na angusha, ndiyo maana mkata miti anasemwa ana-"fell" mti. "Drink" na "drench" ni nywa na nywesha, ingawa hiyo ya pili leo watu wengi wanaijua kwa maana ya kulowesha tu.

Sasa fikirieni kuketisha. Ukiketisha kitu umekiweka mahali pake. Ukikiweka mahali pake hakisogei. Kisiposogea kimethibitika. Kutoka hapo unapata tarehe iliyopangwa, bei iliyowekwa, mfupa ulioungwa, mtego uliotegwa, saruji iliyoshika. Na jua nalo linakwenda kuketi. Maana 430 ni matawi, shina ni kuketisha.

#6 Fundi Kamba
Mlumbi heshima yako. Mimi ni fundi ujenzi, nina la kusema kwenye saruji.

Sisi "set" tunayo mara mbili, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kuseti jengo. Unafika kiwanjani, ramani mkononi, unapigilia vigingi na mbao pembezoni, unapiga misumari juu ya mbao, kisha unavuta kamba kutoka msumari hadi msumari. Kamba ndiyo itakuwa mstari wa ukuta. Kupata pembe mraba tunatumia tatu, nne, tano: upande huu unapima futi 3 unatia alama, upande ule futi 4 unatia alama, halafu kati ya alama mbili lazima isome futi 5 kamili. Ikisoma tano na inchi moja, kona imefunguka, unarudi kusogeza kamba. Mwisho unapima ulalo wa chumba, kona kwa kona, pande zote mbili. Zikilingana, ndipo vijana wanamwaga chokaa chini na kuanza kuchimba msingi. Kazi yote hiyo inaitwa kuseti, na kosa lake halifutiki. Nimewahi kuitwa kumalizia nyumba ambayo fundi wa mwanzo hakupima ulalo, vigae vya sebuleni vikaanza vizima mlangoni vikaisha vipande vya vidole viwili kwenye kona.

Ya pili ni ya saruji yenyewe. Wahandisi wanaita "setting", sisi tunasema saruji imeshika. Na kushika si kukomaa. Zege linaweza kuwa limeshika leo, ukitembea juu yake halibonyei, lakini nguvu yake bado, linaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa na linataka maji. Kiwandani wanachanganya jipsam kwenye saruji ili isishike haraka, bila hiyo ingekugandia kwenye toroli.

Sasa Mlumbi, saruji haikuketishwa na mtu. Imeshika yenyewe. Hapo kuketisha kunaingiaje?

#7 Mlumbi wa Pwani
Fundi, umeuliza vizuri. Wenzetu kitenzi hicho kimeanza kwa kutendewa, kikaishia kwa kujitendea. Kitu kilichoketishwa, na kitu kilichoketi chenyewe. Ndiyo hivyo hivyo na jua, nani kalizamisha?

#8 Fundi Kamba
Nimekusikia, ila sijaridhika. Saruji haiketi, inashikana. Kama asili ni kuketi, kuna jambo jingine lilitokea njiani.

#9 Mama Vifaranga
Mimi namuunga mkono Mlumbi, na ushahidi wangu ni kuku. Nafuga, nina mashine ya kutotolesha. Kuna sehemu mbili: ya kwanza inaitwa seta, ya pili hacha. Mayai yanakaa kwenye seta siku 18, ncha butu ikiwa juu, joto nyuzi 37 na nusu hivi, mashine inayageuza yenyewe kila baada ya muda. Siku ya 18 unayahamishia kwenye hacha, hayageuzwi tena, unaongeza unyevu, siku ya 21 unasikia vifaranga.

Nilijiuliza kwa nini inaitwa seta. Kumbe Waingereza wa mashambani walikuwa wanasema "set a hen", yaani kumuatamisha kuku. Unamtayarishia kiota, unamuwekea mayai, unamketisha juu yake. Kuku ndiye anayeketi, wewe ndiye unayemketisha. Mashine ikachukua kazi ya kuku ikabaki na jina. Hapo keti na ketisha ziko wazi kabisa.

#10 Seta Namba Saba
Dada #9, seta ni mimi! Nacheza voliboli, seta ndiye anayempandishia mpira mpigaji karibu na wavu. Na mchezo wenyewe unahesabiwa kwa seti: pointi 25 kila seti, ikifika ya tano inachezwa hadi 15, na lazima umzidi mwenzako kwa pointi mbili. Kwa hiyo seta anacheza ndani ya seti. Hizo nazo ni kuketisha?

#11 Mama Vifaranga
Seta wangu anatoa vifaranga, wako anatoa nini mdogo wangu?

#12 Seta Namba Saba
Vikombe dada, vikombe.

#13 Mwalimu wa Lugha Moshi
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Swali la #10 ndilo linalovunja hoja ya Mlumbi, na si kosa lake, ni kwamba hapa yapo maneno mawili yaliyovaa sura moja.

Kitenzi "set" kimetoka kwa "settan", sawa kama alivyosema. Lakini nomino "set" yenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, kama seti ya vikombe, imepitia njia tofauti. Imetoka Kifaransa cha zamani, "sette", na nyuma yake kuna Kilatini "secta", yaani wafuasi, kundi linalomfuata mtu. Humo ndimo limetoka pia neno "sect", yaani madhehebu. Halikuwa na uhusiano wowote na kuketi. Baadaye kwa kuwa yalitamkwa sawa, watu wakayachanganya, na maana zikaanza kuazimana: vitu vilivyowekwa pamoja, vilivyopangwa pamoja.

Kwa hiyo #1 ukiuliza kwa nini maana ni nyingi, sehemu ya jibu ni kwamba mito miwili imeingia bonde moja. Seti ya voliboli iko upande wa "secta" zaidi. Seta wa kuku yuko upande wa kuketisha.

#14 Kijana wa Tandika
Mwalimu marahaba unaitikia wewe, sisi ndio tunaotoa shikamoo.

#15 Mwalimu wa Lugha Moshi
Umri wangu haujulikani humu mtandaoni mwanangu, nimegawa pande zote.

#16 Mhariri Mstaafu
Nimefanya kazi ya uhariri miaka mingi, na nina shaka na hesabu yenyewe. Maana 430 zimehesabiwa na nani, kwa kipimo gani? Mtunga kamusi mmoja ataandika kwamba kuweka kikombe mezani na kuweka mguu kizingitini ni maana moja. Mwingine atazitenga mbili. Oxford wao wanatenga sana, na wanaweka pia maana zilizokufa karne nyingi zilizopita, pamoja na misemo yote inayoanzia na neno hilo. Ukiwahesabu hai na wafu, familia yoyote itaonekana kubwa.

Chukueni "kaa" ya kwetu. Kuna kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa ya kuketi. Kamusi zetu zinaziandika kama vidahizo tofauti, yaani maneno yanayojitegemea, zinazipa namba, kaa ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Hazisemi ni neno moja lenye maana nyingi, na ni sahihi, kwa sababu mnyama wa pwezani na kuketi hawana undugu. Hiyo ni homonimu. Vivyo hivyo "paa": paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, kupaa samaki. Maana nyingi kwa neno moja ni jambo jingine, hiyo ni polisemi. Mtu akitaka rekodi anaweza kuipata kwa namna ya kuhesabu tu.

#17 Mpekuzi wa Kamusi
Mhariri, nakubali kwamba kipimo kinabadilisha idadi. Lakini hata ukigawa kwa kumi bado zinabaki 43. Mimi ninazikuta kazini, si kwenye namba za kamusi.

#18 Mvuvi wa Kaole
Mhariri, kaa mnyama wa pwezani ndio nini? Pweza na kaa hawakai nyumba moja, pweza anamla kaa.

#19 Mhariri Mstaafu
Pwani ndugu yangu, ni pwani. Kidole kimeteleza.

#20 Wakili wa Mwanza
Wakati mnacheka na pweza, mimi nilete kesi. Mahakamani Mwingereza anasema "set aside", na hapo tafsiri ikikosea mtu anapoteza haki.

Fedha au shamba likiwa "set aside", limetengwa. Hukumu ikiwa "set aside", imetenguliwa. Tenga na tengua, tofauti ni irabu moja, na maana zinapingana: kilichotengwa kipo, kimehifadhiwa, kilichotenguliwa hakipo tena. Mfano wa kila siku ni hukumu ya upande mmoja. Mdaiwa hakufika, mahakama ikaendelea bila yeye, ikatoa hukumu. Baadaye anakuja na sababu za msingi, anaomba hukumu ile iwe "set aside" ili asikilizwe. Nilimpokea mteja aliyekuwa ameandikiwa na mtu wa kuandika barua kwamba anaomba hukumu "iwekwe kando". Yeye mwenyewe alielewa kwamba itawekwa kando kwa muda, halafu itarudishwa. Akawa anauliza itarudi lini, na akataka kuanza kulipa kidogokidogo ikiwa kando. Nilimkalisha nikamweleza: ukishinda ombi hili hukumu haipo, kesi inaanza kusikilizwa upya, na unaweza kushindwa tena.

Kwa hiyo mimi sijali limetoka kwa keti au kwa "secta". Kinachonihusu ni hilo "aside" linalofuata. Kazi yote inafanywa na kineno cha nyuma.

#21 Mwalimu wa Lugha Moshi
Wakili kagusa penyewe. Nusu ya maana za "set" si za "set" peke yake. Kuna "set up", kusimika au kuanzisha. "Set off", kuanza safari au kulipua. "Set in", kuingia na kutulia, kama masika. "Set back", kurudisha nyuma. "Set out", kuondoka, tena ndiyo hiyo "setting out" ya Fundi Kamba. "Set about", kuanza kazi. Kiingereza kina tabia ya kuchukua kitenzi kifupi cha asili yake, chenye maana nyepesi, na kukifunga kineno cha mahali. Ndiyo maana wakubwa wa orodha wote ni vifupi: "set", "run", "put", "make". Vitenzi virefu vilivyotoka Kilatini, kama "establish" au "determine", havikubali kufungwa hivyo, vikabaki na maana chache.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa viambishi, na kamusi inahesabu tofauti. Weka, wekea, wekana, wekeza, wekwa. Kuwekeza kumeshajitegemea, ni biashara. Mwingereza hana viambishi hivyo, mzigo wote unakaa juu ya neno lilelile.

#22 Mkwasi wa Maneno
Napinga kwa heshima. Mbona sisi tuna "piga" na viambishi vyetu vyote hivi? Piga simu, piga pasi, piga picha, piga kura, piga mswaki, piga deki, piga magoti, piga mbizi, piga hodi, piga chafya, piga soga, piga mnada, piga marufuku, piga ramli, piga chenga, piga jeki. Huko juu Fundi kapiga misumari, Kijana kapiga kambi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaipa "piga" orodha ndefu, na mitaani orodha haijafungwa. Viambishi havikutuzuia.

#23 Bi Shani wa Ng'ambo
#22 nakazia. Mtoto wangu amezaliwa Ulaya, anajifunza Kiswahili kwangu. Siku moja kanisikia nasema nampigia bibi, akashtuka: kwa nini unampiga bibi? Nikamweleza ni simu. Akauliza, na ukipiga picha picha inaumia? Tukakaa jioni nzima tunahesabu vitu tunavyovipiga bila kuviumiza.

#24 Mhariri Mstaafu
#22, "piga" na "set" hazifanani sana. Kwenye piga pasi, maana iko kwenye pasi. Kitenzi hapo ni chepesi, nomino ndiyo inayobeba. Ukiondoa nomino ukaniambia "nimepiga", nitauliza umepiga nini. Mwingereza anayo mifano ya namna hiyo kwenye "set": "set sail", "set foot", "set fire". Lakini saruji ika-"set", jeli ika-"set", jua lika-"set", hapo hakuna nomino ya kusaidia, kitenzi kinasimama peke yake na maana yake kamili.

#25 Mkwasi wa Maneno
Na piga iliyosimama peke yake ipo. "Jua linapiga." "Saa inapiga." "Redio inapiga." Tatu hizo, maana tatu, na hakuna anayepigwa.

#26 Mhariri Mstaafu
Hilo nalichukua, nitalifikiria.

#27 Ngoy wa Lubumbashi
Jambo yenu bandugu. Huku Lubumbashi tunasema kupika simu, kupika foto. Sasa mama akisema anapika, mtu anaangalia kama ni sufuria ao ni telefone. Na kwa Kifaransa hesabu za seti tunaita "ensemble", yaani pamoja. Kwa tenisi Kifaransa kimechukua "set" ya Kiingereza vilevile.

#28 Kijana wa Tandika
Mkuu Ngoy, karibu Dar tukupikie simu.

#29 Mwalimu wa Hesabu
Ngoy umenifungulia mlango. Kwenye hisabati "seti" ni neno la msingi kabisa, na si la Kiingereza kwa asili ya somo. Aliyejenga nadharia ya seti ni Mjerumani Georg Cantor, kuanzia miaka ya 1870, na yeye alisema "Menge", maana yake wingi, mkusanyiko. Wenzetu wanaoandika Kiingereza hawakukubaliana mara moja. Bertrand Russell alipendelea "class", wengine waliandika "aggregate", na tafsiri ya Kiingereza ya kazi ya Cantor iliyotoka 1915 ilitumia hiyo "aggregate". Baadaye "set" ikashinda.

Naona ilishinda kwa sababu ni neno jepesi. "Class" tayari ilikuwa na tabaka na darasa, "aggregate" ndefu. "Set" fupi, kila mtu anajua seti ya vikombe. Ndiyo dalili yangu: neno lenye maana nyingi linazidi kupewa nyingine kwa sababu limeshazoeleka. Kila taaluma ikitafuta jina inaokota lililo karibu.

#30 Nahodha Mstaafu Tanga
Mwalimu #29 nakubaliana, maana hata baharini wameliokota. Kwenye chati za urambazaji kuna "set" na "drift" ya mkondo. "Set" ni upande unakoelekea, "drift" ni kasi yake. Pwani yetu mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unakazana, wakati wa kaskazi unapungua. Ukielekeza chombo Pemba bila kuhesabu "set" ya mkondo, utajikuta umesukumwa kaskazini ya unakokwenda, dira inakuonyesha uko sawa.

Halafu "set sail" ya #24: kwenye jahazi tunatweka. Foromali, ule mti unaobeba tanga, inapandishwa na tanga lake, demani, kamba ya tanga, inakazwa, ndipo chombo kinashika upepo. Hakuna kuketisha hapo, ni kupandisha. Mlumbi ajibu.

#31 Mlumbi wa Pwani
Nahodha, tanga likishakazwa liko mahali pake pa kufanya kazi. Hapo ndipo nilipo. Ila la mkondo limenishinda kulipeleka kwenye kiti.

#32 Shosti wa Saluni
Jamani na sisi tuhesabiwe. Saluni tunaseti nywele: unaosha, unapaka losheni ya kuseti, unasokota kwa rola, unamuingiza mteja kwenye draya mpaka zikauke kabisa. Ukizitoa rola zikiwa na unyevu kwa ndani mawimbi yanaanguka kabla hajafika nyumbani. Kwa hiyo kwetu kuseti ni kukausha kitu kikabaki na umbo ulilokipa. Fundi Kamba, zege lako na rola zangu ni ndugu.

#33 Fundi Kamba
Shosti, zege halikaushwi! Likikauka mapema linapasuka, ndiyo maana tunamwagia maji. Zege linashika kwa maji, nywele zako zinashika kwa kukosa maji.

#34 Shosti wa Saluni
Basi ndugu wa kambo.

#35 Mkaazi wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Hamjataja "set books"! Kila aliyepita sekondari hapa anazijua: vitabu vya fasihi vilivyoteuliwa kwa mtihani, kwa Kiswahili tunaita vitabu teule. Nilidhani ni "set" ya kundi, mpaka nilipoambiwa ni kitenzi, vitabu vilivyowekwa na watahini. Bado sijui niamini lipi.

Na kuna "setla". Wazungu waliochukua mashamba ya nyanda za juu tuliwaita masetla, na Kiswahili chao cha kuamrisha wafanyakazi kikapata jina, Kisetla. Hiyo nayo inatoka kwa "set"?

#36 Mwalimu wa Lugha Moshi
#35, "settle" inatoka kwa "setl", neno la kale la kiti, makao. Ukoo ni mmoja na "sit", lakini si mtoto wa "set", ni binamu. Kuhusu "set books", ni kitenzi: zimewekwa, zimeamriwa.

#37 Mkaazi wa Nakuru
Mwalimu, lakini vikiwa vitano pamoja tunaviuza kama seti.

#38 Mwalimu wa Lugha Moshi
Ndiyo maana nikasema mito imechanganyika. Anayenunua hajali maji yametoka wapi.

#39 Msomaji Mkongwe
Nirudi kwenye "run" kidogo, kwa sababu inapinga maelezo mengi ya humu. Haina maneno mawili yaliyogongana kwa bahati kama "secta" na "settan". Iliyoisukuma juu, kwa maoni ya wengi, ni mashine. Treni zikaanza ku-"run", injini zika-"run", viwanda, maji ya bomba, ratiba, programu za kompyuta. "Set" ni neno la kuweka na kuthibitisha, lilistawi zamani. "Run" ni neno la vitu vinavyofanya kazi bila kusimama, likastawi tangu mapinduzi ya viwanda. Na tazameni, Kiswahili hakikuchukua kukimbia kwa mashine. Injini inanguruma au inafanya kazi, kampuni inaendeshwa, maji yanatiririka, mgombea anagombea. Hata pua, sisi inatoka kamasi, haikimbii.

#40 Mama Vifaranga
Lakini tunasema gari linakimbia.

#41 Msomaji Mkongwe
Likienda kasi, ndiyo. Likiwa linanguruma limesimama, hapana. Mwingereza ataliita "running" hata likiwa limeegeshwa.

#42 Mpekuzi wa Kamusi
Nimeandika hoja zenu zote kwenye daftari. Mlumbi ana shina, Mwalimu ana mito miwili na vineno vya nyuma, Mhariri ana kipimo, Mwalimu wa Hesabu ana mazoea, Mkongwe ana mashine. Nikizipanga naona kila moja inaeleza mifano yake na kuacha ya mwenzake. Ya mkondo wa Nahodha haijapata mwenyewe.

Wakati huohuo nina kazi mezani na mteja anasubiri. Ni mgahawa wa hoteli, wameandika "set menu". Nimeandika "menyu maalumu", sijaridhika, maana maalumu inaonyesha kama ni ya sikukuu. Mnasemaje?

#43 Shosti wa Saluni
Menyu kamili.

#44 Wakili wa Mwanza
Kamili itafanya mteja adhani ni orodha ya vyakula vyote. Andika ukweli wake: mlo uliopangwa, bei moja. Mteja hatabishana kwenye bili.

#45 Mkaazi wa Nakuru
Nauliza tu, ni "set" kwa sababu vyakula vimepangwa na mpishi, au kwa sababu ni seti ya supu, wali na matunda?

#46 Mwalimu wa Lugha Moshi
Vimepangwa na mpishi.

#47 Mlumbi wa Pwani
Vimeketishwa mezani.

#48 Fundi Kamba
Mlumbi!